Usonji: Mtoto Asiyeitika Jina Lake

Mama humwita mwanawe wa miaka miwili mara tano, naye hageuki. Lakini mtoto huyo huyo akisikia karatasi ya biskuti ikifunguliwa katika chumba cha pili huja mbio. Basi si kiziwi. Akipewa kigari cha kuchezea hakisukumi kama wafanyavyo wenzake, bali hukipindua na kulizungusha gurudumu moja muda wa nusu saa, jicho lake likiwa karibu kuligusa. Mgeni akiingia hamtazami. Akiambiwa, “Sema shikamoo,” hujibu, “Sema shikamoo.” Wako watakaosema kwamba ana kiburi, wako watakaosema kwamba amedekezwa, na wako watakaonong’ona kwamba katika nyumba ile kuna jambo.

Jambo lililopo ni usonji. Hii ni hali ya ubongo ambayo huanza wakati ubongo unapojengeka, kwa wengi kabla ya mtoto kuzaliwa, nayo huathiri mambo mawili makubwa. La kwanza ni maingiliano na mawasiliano: kutazamana, kuelekezana, kuzungumza kwa zamu, kufahamu mwenziwe anataka nini. La pili ni tabia ya kurudiarudia mambo yale yale na kuchukia mabadiliko, pamoja na milango ya fahamu inayopokea vitu kwa nguvu mno au kwa udhaifu mno. Mtoto mmoja huziba masikio na kulia mashine ya kusaga inaponguruma mtaa wa pili. Mwingine huungua kidole naye asionyeshe dalili ya maumivu.

Usonji hauambukizi, wala si wazimu. Si sawa pia na upungufu wa akili, ingawa baadhi ya watoto wanayo yote mawili. Wataalamu huuita wigo, kwa sababu walio nao hawafanani: yupo asiyetamka neno maishani mwake na anayehitaji kusaidiwa kula na kuoga, na yupo anayefaulu hisabati za chuo kikuu lakini asiyejua kuanzisha mazungumzo na mtu aliyeketi kando yake. Kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Wastani huo ukitumiwa katika shule ya wanafunzi 1,000, wangetazamiwa watoto wapatao 8, iwapo wote wangeandikishwa, jambo ambalo mara nyingi halifanyiki.

Jinsi hali hii ilivyotambuliwa

Neno la kitaalamu, otizimu, limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya “nafsi”. Lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwanzoni mwa karne ya 20, lakini yeye alilitumia kueleza dalili moja ya wagonjwa wa akili watu wazima. Mwaka 1925 daktari wa Urusi ya Kisovieti, Grunya Sukhareva, alieleza habari za wavulana 6 ambao leo wangehesabiwa moja kwa moja kuwa na usonji. Maandishi yake hayakusomwa sana nje ya nchi yake, na sifa zikaenda kwa wengine.

Aliyeitangaza hali hii ni Leo Kanner, daktari wa watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Mwezi Oktoba 1938 aliletewa mtoto wa miaka 5 kutoka mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Baba wa mtoto, ambaye alikuwa mwanasheria, alikuwa amekwisha kumpelekea daktari barua ya kurasa 33 zilizopigwa taipu, yenye kueleza kila alichokiona nyumbani. Mtoto huyo, ambaye Kanner alimwita Donald T., aliyajua majina ya marais wote wa Marekani. Alizungusha sufuria na vitu vingine vya duara sakafuni na kurukaruka kwa furaha. Wazazi wake walipoingia au kutoka, kwake ilikuwa mamoja. Alipotaka avuliwe kiatu alimwambia mama yake avue kiatu chake mwenyewe, kwa maneno yale yale aliyozoea kuambiwa.

Mwaka 1943 Kanner alichapisha maelezo ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto wenye tabia zilizokaribiana na hizo lakini wenye usemi mwingi. Jina la Asperger lilitumika kwa miaka mingi kuitaja aina moja ya usonji. Siku hizi limeachwa katika miongozo mikuu ya utabibu, na uchunguzi wa kumbukumbu za Vienna uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba alipata kupeleka watoto wenye ulemavu katika kituo cha Am Spiegelgrund, ambako utawala wa Kinazi uliwaua watoto.

Lawama juu ya akina mama

Kanner aliandika mwaka 1943 kwamba watoto hawa huzaliwa na upungufu huo. Lakini katika maandishi hayo hayo alidokeza kwamba wazazi wengi aliowaona walikuwa wasomi wasio na uchangamfu. Dokezo hilo likakua. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilifundishwa katika vyuo vya Marekani na Ulaya kwamba usonji huletwa na mama aliye baridi kama jokofu, asiyempenda mtoto wake, hata mtoto akajifungia ndani ya nafsi yake kwa kujihami. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto katika Chuo Kikuu cha Chicago, alieneza fikira hiyo katika kitabu cha mwaka 1967. Watoto walitengwa na mama zao kwa jina la tiba, na mama wakapelekwa kutibiwa kosa wasilolitenda.

Aliyeanza kuipinga kwa hoja alikuwa Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia katika jeshi la majini la Marekani, ambaye mwanawe alikuwa na usonji. Kitabu chake cha mwaka 1964 kilikusanya ushahidi wote uliokuwako na kuonyesha kwamba hakuna hata mmoja uliowatia hatiani wazazi. Kanner mwenyewe alimwandikia dibaji.

Jaribio lililokata shauri lilikuwa jepesi kueleweka. Mapacha ni wa namna mbili. Wale wa kufanana hutoka katika yai moja lililogawanyika, hivyo urithi wao wa kimaumbile ni mmoja. Wale wasiofanana hutoka katika mayai mawili, nao hushirikiana urithi kama ndugu wengine wo wote wa baba na mama mmoja, yaani wastani wa nusu. Lakini namna zote mbili hulelewa na mama mmoja, katika nyumba moja, wakati mmoja. Kama ubaridi wa mama ndio chanzo, basi pacha mmoja akiwa na usonji, uwezekano wa mwenziwe kuwa nao ungekuwa sawa katika namna zote mbili. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitangaza matokeo ya uchunguzi wa jozi 21 za mapacha katika Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji pande zote mbili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Na walipohesabu si usonji peke yake bali pia matatizo mengine ya lugha na akili, wa kufanana walikuwa jozi 9 kati ya 11, na wasiofanana jozi 1 kati ya 10.

Hesabu hiyo ilikuwa ndogo, lakini uzito wake ulitosha. Ilionyesha pia jambo la pili ambalo mara nyingi husahauliwa: kama urithi ungekuwa kila kitu, jozi zote 11 zingekuwa sawa.

Yanayojulikana juu ya chanzo

Uchunguzi mkubwa zaidi uliofuata umeuthibitisha mwelekeo huo. Mwaka 2019 utafiti wa watoto zaidi ya milioni 2 kutoka nchi 5 ulikadiria kwamba kiasi cha asilimia 80 ya tofauti baina ya watu katika jambo hili hutokana na urithi. Hakuna jeni moja ya usonji. Zimekwisha kutambuliwa jeni zaidi ya 100 zinazohusika, nyingi kati ya hizo zikiwa na kazi ya kuongoza jinsi chembe za ubongo zinavyoungana. Pengine badiliko la jeni ni jipya kabisa, halikuwapo kwa baba wala kwa mama, ndiyo maana ukoo usiowahi kuwa na mtoto wa namna hii unaweza kumpata.

Yako pia mambo yanayompata mtoto akiwa tumboni. Dawa ya kifafa iitwayo valproati, ikitumiwa na mama mjamzito, huongeza hatari. Mwanamke anayeitumia hapaswi kuiacha ghafula, bali kumwona daktari kabla ya kushika mimba. Rubela ni jingine. Baada ya mlipuko wa rubela wa mwaka 1964 katika Marekani, Stella Chess aliwachunguza watoto 243 mjini New York ambao mama zao waliugua wakiwa wajawazito. Mwaka 1971 alieleza kwamba watoto 10 kati yao walikuwa na usonji kamili na 8 walikuwa nao kwa sehemu, hesabu kubwa mno kwa kundi la namna hiyo.

Hapa ndipo penye kinaya kikubwa. Chanjo ya surua na rubela ndiyo inayomkinga mtoto aliye tumboni na madhara hayo, nayo ndiyo iliyosingiziwa kuwa chanzo cha usonji. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, pamoja na wenzake walichapisha maelezo ya watoto 12 tu, wakaihusisha hali yao na chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela. Ikaja kubainika kwamba habari za watoto hao zilipotoshwa. Mwaka 2010 jarida la Lancet lililifuta andiko hilo, na mwaka huo huo Wakefield akafutwa katika daftari la madaktari wa Uingereza. Kule Denmark watoto 657,461 walifuatiliwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha kwamba waliochanjwa walipata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Uvumi hata hivyo haujafa, na sababu yake inafahamika. Katika Tanzania na Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto afikapo miezi 9 na miezi 18. Huo mwezi wa 18 ndio wakati ambapo wazazi wengi huanza kuona kwamba mtoto hasemi, au maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea. Mambo mawili yakikutana katika kalenda, mzazi mwenye uchungu huyaona kuwa moja limezaa jingine.

Malaria kali ni suala jingine, na linazigusa nchi za Afrika Mashariki zaidi ya zile ambako sehemu kubwa ya utafiti imefanywa. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa juu ya watoto 20 wa Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vipimo vya usonji vinavyotumika katika utafiti. Watatu kati yao walikuwa wamekua vizuri hadi miezi 22, 35 na 42, kisha wakaugua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege, na mmoja alipoteza fahamu kwa muda mrefu. Walipopona malaria, tabia za usonji zikaanza. Kwa wengine 4 maambukizo na usonji vilifuatana kwa karibu, ila uhusiano haukuwa dhahiri vile. Watoto watatu hawatoshi kujenga kanuni. Lakini wanatosha kuonyesha kwamba katika nchi zenye malaria, mtoto aliyepona degedege hapaswi kusahauliwa pindi homa inaposhuka. Usemi wake na uchangamfu wake vinafaa kuangaliwa katika miezi inayofuata.

Wengine huuliza kwa nini siku hizi usonji unasikika sana. Katika Marekani, watoto wa miaka 8 waliotambuliwa walikuwa 1 kati ya 150 mwaka 2000, wakafika 1 kati ya 31 mwaka 2022. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokana na maana ya usonji kupanuliwa na watoto wengi zaidi kupimwa. Lorna Wing na Judith Gould ndio walioonyesha mwaka 1979, baada ya kuchunguza watoto wa Camberwell, London, kwamba maelezo ya Kanner yaliwagusa wachache tu katika kundi kubwa.

Dalili, na tahadhari katika kuzisoma

Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya hutaja kwanza kwamba mtoto mwenye usonji hamtazami mtu machoni. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki dalili hii yahitaji uangalifu, kwa maana mtoto mwenye adabu hufunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Ni afadhali kuangalia kama mtoto hushiriki jambo na mwenziwe. Mtoto wa kawaida, afikapo mwaka mmoja na miezi michache, akiona ndege angani hunyosha kidole, kisha humgeukia mama yake kuona kama naye ameiona. Hataki apewe ndege. Anataka waione pamoja. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hafanyi hivyo. Akitaka kitu huushika mkono wa mtu mzima na kuupeleka kwenye kitu hicho, kama atumiaye chombo.

Kutoitika jina akiwa na miezi 12, kutoonyesha kwa kidole akiwa na miezi 18, kutokuwa na neno lo lote akiwa na miezi 16, na kutounganisha maneno mawili yake mwenyewe akiwa na miaka 2 ni dalili za kumpeleka mtoto kupimwa. Kupotewa na maneno aliyokuwa nayo, kwa umri wo wote, ni sababu ya kwenda bila kungoja. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu.

Usemi una alama yake. Watoto wengi wenye usonji hurudisha maneno kama mwangwi, papo hapo au baada ya siku kadhaa. Katika Kiswahili mwangwi huo huweza kusikika ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kuwa nafsi imo katika kiambishi: mtoto aliyezoea kuulizwa, “Unataka maji?” huja kwa mama yake akisema, “Unataka maji,” naye ndiye mwenye kiu. Watu hucheka. Ukweli ni kwamba mtoto ameomba, na anastahili kupewa maji hayo pamoja na maneno sahihi: “Nataka maji.”

Wavulana hutambuliwa kuliko wasichana, kwa kadiri ya 3 kwa 1. Sehemu ya tofauti hiyo huenda si ya kweli, kwani wasichana wengi hujifunza kuwaiga wenzao na kuficha shida zao, nao hupita shuleni wakiitwa wapole.

Jaribio moja la London lasaidia kufahamu kinachomtatiza mtoto. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwaonyesha watoto wanasesere wawili. Wa kwanza, Sally, aliweka gololi katika kikapu akatoka. Wa pili, Anne, akaihamishia katika sanduku. Watoto waliulizwa: Sally akirudi, ataitafuta wapi? Watoto 23 kati ya 27 wa kawaida walijibu “kikapuni”. Kati ya watoto 14 wenye sindromu ya Down, 12 walijibu hivyo. Kati ya 20 wenye usonji, ambao kwa vipimo vya akili hawakuwa nyuma ya wale wa Down, 16 walionyesha sandukuni, mahali gololi ilipo kweli. Hawakuweza kuona kwamba Sally anaamini jambo lililokwisha kubadilika. Lakini 4 walifaulu, na watu wazima wenye usonji wamekuja kusema, kwa haki, kwamba wasio na usonji nao hushindwa vile vile kukisia yaliyomo katika mawazo yao.

Kupima na kufundisha

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza na humhoji mlezi kwa kirefu. Kwanza kabisa mtoto hupimwa masikio, maana kiziwi pia haitiki. Kifafa nacho chafaa kuchunguzwa, kwa kuwa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine, na kifafa kina dawa.

Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Wazazi wanaouziwa vyakula maalumu na dawa za kusafisha mwili hupoteza fedha, na baadhi ya dawa hizo ni sumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya wazazi na wataalamu katika pwani ya Kenya ulikuta kwamba mapepo, uchawi na laana vilitajwa pamoja na urithi, maambukizo na matatizo ya uzazi, na familia nyingi zilikwenda kwa waganga na sala kabla au sambamba na hospitali. Sala haimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni kufungwa kamba, kuchanjwa chale, na miaka kupita bila kufundishwa.

Mafundisho ndiyo yenye manufaa, na mengi hayahitaji vifaa vya fedha. Mlezi hukaa chini usawa wa mtoto, hujiunga na mchezo anaoupenda mtoto badala ya kumpokonya, hutumia maneno machache, na hungoja jibu. Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo ya namna hiyo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yanayoweza kutolewa na mtu asiye daktari. Asiyesema hupewa picha: picha ya kikombe, ya choo, ya mpira, naye humkabidhi mlezi picha ya anachokitaka. Hofu ya kwamba picha zitamzuia asiseme haina msingi. Ratiba ya siku ikichorwa ukutani, vilio vya kuhama kutoka jambo moja hadi jingine hupungua.

Ama kuhusu tabia za kurudiarudia, si lazima zote zipigwe vita. Donald T., yule mtoto wa kwanza wa Kanner, aliwekwa kwa muda katika shamba la mume na mke waliokuwa hawajasoma saikolojia yo yote. Alipokuwa akishikilia kupima vitu, walimchimbisha kisima na kumtaka aeleze kina chake. Alipokuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena, walimwachia aihesabu huku akilima. Kanner alikwenda kuwatembelea na kustaajabu. Donald alimaliza chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wake kwa miaka mingi, akacheza gofu, akasafiri peke yake nchi nyingi. Alifariki mwezi Juni 2023, akiwa na umri wa miaka 89, katika mji ule ule wa Forest, ambako majirani walikuwa wamekwisha kumzoea.